Hedi ya Hilux 3L na 5L: pima kabla ya kufungua, funga bila kubahatisha

Gari likichemsha, neno la kwanza linalosikika gereji ni "hedi imekufa", yaani kile kifuniko cha chuma kilicho juu ya silinda. Mwenye gari ananyong'onyea hapo hapo, anaanza kupiga simu kutafuta hela, na fundi tayari ana spana mkononi. Nawaomba sana mafundi wenzangu, na wenye pikapu mnaosoma hapa: spana ile irudi kwanza kwenye boksi.

Nasema hivi kwa sababu nimefanya kosa hilo mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliipokea Hilux ya 3L iliyokuwa imepandisha mlima wa Kitonga na saruji mgongoni, ikachemsha kabla ya kufika juu. Sikupima chochote. Nilifungua hedi siku nzima, nikaigeuza, nikakuta gasketi, kile kizibo chembamba kati ya hedi na bloku ya injini, haina hata doa na uso wa hedi umenyooka. Kosa lilikuwa kwenye mfuniko wa rejeta: springi yake ilikuwa imelegea. Mwenye gari alinunua gasketi ambayo hakuihitaji na akakosa gari siku tatu za mnada.

Mfuniko ule unaonekana kitu kidogo, lakini kazi yake ni kubwa. Kwenye Toyota hizi unashikilia presha ya karibu bar 0.9, na presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukifa, maji yanachemka kama ya chai jikoni. Na huku kwetu milimani yanachemka mapema zaidi: Iringa, kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Gari ambalo halina tatizo Dar es Salaam linaweza kumwaga maji hapa, na hedi isiwe na kosa lolote.

Jua injini uliyonayo

Mwongozo huu ni wa Hilux za dizeli za zamani zenye injini za familia ya L, hasa 3L na 5L, zile zisizo na taa nyingi za kompyuta na ambazo bado zinabeba mizigo kila kona ya nchi. Soma namba iliyopigwa kwenye bloku, usiamini kibandiko wala maneno ya aliyekuuzia. 2L ina cc 2,446 na silinda ya kipenyo cha milimita 92. 3L ina cc 2,779 na kipenyo cha 96. 5L ina cc 2,986 na kipenyo cha 99.5. Tofauti hizo ukiziangalia kwa jicho huzioni, lakini gasketi ya 3L ukiilaza kwenye 5L, ukingo wake wa chuma unaingia ndani ya silinda na kuungua. Injini nyingi za hapa zimeshabadilishwa mara moja au mbili, kwa hiyo kadi ya gari si ushahidi.

Zote zina kemshafti moja juu, mkanda mmoja wa taimingi unaozungusha kemu na pampu ya dizeli, na vyumba vidogo vya moto ndani ya hedi ambamo dizeli inaanza kuwaka kabla ya kushuka kwenye pistoni. Hedi inashikwa na bolti 18.

Dalili, na zinavyodanganya

Muulize mwenye gari kabla ya kufungua boneti. Linachemsha likipanda tu, au hata likiwa tambarare? Linakula maji kiasi gani kwa siku? Lilichemsha mara ngapi, na aliyekuwa akiendesha alizima au aliendelea "kulisogeza mpaka mbele kidogo"? Hilo la mwisho ndilo linaloua hedi kuliko mengine yote. Muulize kwa upole, maana madereva wengi wanaficha wakiogopa bosi.

Moshi mweupe asubuhi si lazima uwe maji. Dizeli isiyowaka nayo inatoa moshi mweupe, hasa kama hita plagi moja au mbili, zinazopasha silinda wakati wa kuwasha, zimekufa. Moshi wa dizeli unachoma macho na unanuka mafuta. Mvuke wa maji hauchomi, na ukiweka kiganja nyuma ya eksozi unabaki na unyevu usio na ulaini wa mafuta. Kama gari lina kulanti (dawa ya rejeta badala ya maji matupu), utasikia harufu tamutamu.

Oili kuwa kama maziwa ni dalili nzito, lakini hata hiyo isikufanye ukate shauri mara moja. Uji mwepesi chini ya mfuniko wa kuwekea oili, kwenye gari la safari fupifupi msimu wa baridi, unaweza kuwa ni unyevu tu. Angalia kijiti cha oili na oili yenyewe. Ikiwa yote imegeuka rangi, au kuna oili inaelea kwenye rejeta, kumbuka kuwa baadhi ya injini hizi zina kipoza oili ubavuni mwa bloku, ambamo maji na oili vinapita vikitenganishwa na bati jembamba. Kikitoboka, vinachanganyika na hedi haina habari.

Dalili ninayoiamini zaidi ni hii: gari limelala, injini ni baridi kabisa, unaliwasha, na ndani ya dakika moja mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama tairi. Joto bado halijafika huko. Kilichoujaza ni upepo wa moto wa silinda unaovujia kwenye maji. Minya mpira kabla ya kuwasha, washa, minya tena. Jaribio hili ni la bure, na ukilifanya asubuhi moja tu umejua mengi.

Vipimo, kwa mpangilio huu

Anza na rahisi. Kagua mfuniko, mipira, pampu ya maji, mikanda ya feni na rejeta kwa nje. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, hata kama umevaa glavu. Nimeona mtu akiungua uso na kifua kwa sekunde mbili za haraka.

Kisha fanya jaribio la mapovu. Injini ikiwa baridi, toa mikanda inayozungusha pampu ya maji ili maji yatulie. Ukiwa na muda toa na themostati (kilango cha maji kinachofunguka kwa joto) ili isizuie mapovu. Jaza rejeta mpaka ukingoni, washa, na umwache msaidizi apandishe moto (akanyage mafuta) taratibu mara mbili tatu. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwa imenasa. Mapovu yanayotoka mfululizo na kuongezeka kila moto unapopanda ni ya silinda. Usizidishe dakika moja na nusu, kwa sababu pampu haizunguki.

Tatu, pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta. Ifunge, pandisha hadi bar 0.9 au 1, usipite hapo, uiache nusu saa. Sindano ikishuka na huoni tone nje, toa hita plagi zote nne, simama pembeni, mwambie mtu apige staata. Maji yakiruka kama dawa ya kupulizia kutoka tundu la silinda fulani, umeshaipata silinda yako. Kama silinda imejaa maji na staata inagoma kuzungusha, usilazimishe kabla ya kutoa hita plagi. Maji hayabonyei, na mkono wa pistoni utapinda.

Nne, kompresheni. Unahitaji geji ya dizeli inayofungwa kwenye tundu la hita plagi. Ile ya petroli itapasuka. Chomoa waya wa solenoidi ya pampu ili dizeli isije, hakikisha betri ina nguvu, pima silinda zote. Kipimo cha kawaida cha injini hizi ni kilo 32 kwa sentimita ya mraba au zaidi, cha chini kabisa kinachokubalika ni 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, nyingine zikiwa nzima, gasketi imekatika katikati yao. Moja peke yake ikiwa chini, bado hujui: inaweza kuwa valvu, ufa, gasketi au ringi za pistoni.

Hapo ndipo kompresa inapokupa jibu, na hiki ndicho kipimo ambacho gereji nyingi zinakiruka. Peleka pistoni ya silinda ile juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, weka gia na breki ya mkono, weka mikono mbali na feni. Ingiza upepo kupitia tundu la hita plagi, halafu sikiliza. Ukitokea kwenye eksozi, valvu ya kutolea moshi haikai. Ukirudi kwenye bomba la hewa, ni valvu ya kuingizia. Ukivuma kwenye mfuniko wa oili, ringi zimekwisha, na hedi mpya haitakusaidia. Rejeta ikibubujika, ni gasketi au ufa. Sasa una haki ya kufungua.

Kufungua

Injini iwe baridi kabisa, ilale usiku mzima ikiwezekana. Hedi inayofunguliwa ikiwa ya moto inapinda, hata kama ilikuwa nzima.

Chomoa betri. Mwaga maji ya rejeta na ya kwenye bloku pia. Kuna koki yake ubavuni, na ikiachwa maji yanaingia kwenye silinda hedi inaponyanyuka. Toa mabomba ya hewa, mipira, nyaya za hita plagi, mabomba ya nozo zinazopulizia dizeli na manifoldi. Ziba kwa plastiki safi kila mdomo wa pampu na wa nozo. Chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho inatosha kuharibu nozo.

Kabla ya kutoa mkanda wa taimingi, zungusha krenki (shafti kuu ya chini) kwa mkono mpaka silinda namba 1 iwe juu kwenye kompresheni na alama za krenki, kemu na pampu zikae mahali pake. Piga picha kwa simu, kisha weka alama zako za rangi nyeupe juu ya zile za kiwandani, maana mara nyingi zimefunikwa na grisi. Mkanda ukishatoka, usizungushe krenki wala kemu ovyo, pistoni zitagonga valvu.

Bolti za hedi zilegeze kuanzia za nje kuja katikati, kwa awamu tatu au nne, kidogo kidogo. Mimi nachukua kipande cha boksi, nakichora umbo la hedi, natoboa matundu 18, na kila bolti inachomekwa kwenye tundu lake mara inapotoka. Mama mmoja aliyeleta gari lake alidhani ninacheza. Lakini bolti ikiwa na maji ya kutu, au imevutika shingo, boksi lile linaniambia ilitoka wapi, na mara nyingi ni jirani na mahali gasketi ilipokatika.

Hedi ni nzito, inyanyueni watu wawili. Ikigoma, usiingize bisibisi katikati ya hedi na bloku. Mkwaruzo mmoja hapo ni njia ya maji. Iguse kwa nyundo ya mbao pembeni. Ilaze juu ya vipande viwili vya mbao, kwa sababu kuna valvu zilizo wazi zinazochomoza chini, na ukiilaza sakafuni unazipinda.

Soma gasketi kabla ya kuitupa

Mahali palipoungua panaonekana: mstari mweusi unaotoka kwenye ringi ya chuma kwenda tundu la maji, au kutoka silinda hadi silinda. Pistoni iliyokuwa ikinywa maji huwa safi, inang'aa kuliko wenzake waliojaa masizi meusi, kwa sababu mvuke umeiosha. Ukiona pistoni safi lakini gasketi ni nzima jirani yake, tafuta ufa.

Chukua rula ya chuma iliyonyooka kweli, si ile ya kupimia mbao, na fila geji (visahani vyembamba vya kupimia mwanya). Laza rula kwenye uso wa hedi kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, jaribu kupitisha fila chini yake. Kwa hedi hizi mwisho ni milimita 0.20. Ikizidi hapo, kitabu cha Toyota kinasema badilisha hedi, hakisemi ichongwe. Najua mtu wa mashine atakuambia "tunaichonga inakuwa mpya". Kwenye injini ya petroli mara nyingi unapona. Kwenye dizeli hii, nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno, na kila unachokichonga kinashusha valvu karibu zaidi na pistoni. Hedi iliyochongwa mara tatu na watu watatu tofauti itakugongea.

Nyufa hutokea sana katikati ya valvu mbili, na kati ya valvu na chumba cha moto. Jicho halitoshi. Ufa mwingine unajifunga hedi ikiwa baridi na kufunguka ikipata moto, ndiyo maana gari linasumbua mlimani tu. Peleka hedi kwa mtu mwenye tangi la kupimia, aizibe matundu ya maji, aizamishe kwenye maji ya moto, aijaze upepo. Akikupimia kwa maji baridi, mwombe arudie kwa maji ya moto, na usimame hapo uone mapovu kwa macho yako.

Ufa ukithibitika, achana na kuchomelea. Kuna mafundi wenye mkono wa ajabu katika kazi hiyo, siwavunjii heshima, ila katikati ya valvu chuma kinapata joto kali na kupoa maelfu ya mara, na sijaona kiraka cha hapo kilichomaliza mwaka kwenye gari la mizigo.

Kununua hedi

Kariakoo na Gerezani, Kirinyaga Road kule Nairobi, Kisekka kule Kampala: kote utauziwa hedi za aina tatu. Kuna mpya kamili, ikiwa na valvu na kemu. Kuna mpya tupu, ambayo utahamishia vitu vyako vya zamani. Na kuna used. Kwa gari la biashara nashauri mpya kamili kama hela ipo, vinginevyo mpya tupu. Used inunue kwa sharti moja, kwamba ikapimwe kwenye maji ya moto kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

Nenda na hedi ya zamani na gasketi ya zamani. Linganisha matundu yote ya maji na ya oili, moja baada ya jingine, kwa kulaza gasketi juu ya hedi mpya. Hata mpya ipimwe kwa rula. Angalia pia vyumba vya moto viwe sawa na uso wa hedi, visichomoze wala kuzama.

Gasketi nayo ina siri yake. Injini hizi zina gasketi za unene wa aina tatu, na kwa 2L na 3L zinatambulika kwa herufi B, D na F, nyembamba ikiwa B. Unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku ikiwa juu kabisa. Kama hujabadilisha pistoni wala kuchonga bloku, nunua herufi ile ile iliyotoka, ukishajiridhisha kuwa aliyetangulia hakukosea. Gasketi nyembamba kuliko inavyotakiwa ni pistoni kugusa hedi. Nene kupita kiasi ni gari kutowaka asubuhi.

Kuandaa bloku

Sehemu hii haina sifa na haina haraka, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Jaza vitambaa safi kwenye silinda, ziba njia za oili na maji. Kwangua mabaki ya gasketi kwa kikwanguo na dawa ya kuyalainisha. Usipige grinda yenye msasa. Unga wa msasa unaingia kwenye oili na kula beringi za krenki. Injini itakufa chini wakati juu ni kupya.

Pima uso wa bloku kwa rula ile ile. Kisha matundu ya bolti, kwa tochi, moja moja. Yafyonze na kuyapuliza mpaka yawe makavu. Tundu likiwa na oili au maji chini, bolti ikishuka inayabana, hayana pa kwenda, na bloku inapasuka. Nililiona hilo kwenye gereji ya jirani: mlio mmoja mkavu, "tak!", na injini nzima ikawa chuma chakavu. Baada ya hapo pitisha bolti ya zamani kwa mkono katika kila tundu. Inatakiwa iende mpaka chini kwa vidole tu.

Kufunga

Gasketi inalazwa kavu. Hakuna grisi, hakuna silikoni juu ya uso wake. Angalia upande wa juu na wa mbele, halafu hakikisha tundu la oili halijazibwa. Shusheni hedi wawili, wima, bila kuiburuta.

Bolti nashauri ziwe mpya, kwa sababu zinafungwa kwa kuvutwa, na iliyokwisha kuvutika inakuwa nyembamba kwenye nyuzi zake. Paka oili ya injini kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti. Kidogo maana yake ni ncha ya kidole.

Kufunga kwa 3L na 5L ni hatua tatu, kuanzia katikati ukizunguka kwenda nje:

1. Zote 18 kwa spana ya toki (yenye kipimo cha nguvu) hadi Nm 78, yaani nguvu ya kilo 8 hivi kwenye mkono wa mita moja. Fika hapo kwa awamu tatu.
2. Weka nukta ya rangi kwenye kila bolti upande unaotazama mbele ya gari. Zungusha kila moja digrii 90, kwa mpangilio ule ule. Nukta zote sasa zinatazama ubavuni.
3. Zungusha tena digrii 90. Nukta zote zitazame nyuma.

Simama pembeni uangalie nukta zile. Bolti 18, nukta 18, zote zinatazama nyuma, kwenye kioo cha dereva. Iliyobaki njiani inaonekana hata na mtoto. Bolti inayolainika ghafla mkononi, ikizunguka bila kukaza, inaanza kukatika au inang'oa nyuzi za bloku. Simama, itoe, uikague. Usijiambie itashika.

Kipimo hiki usikipeleke kwenye injini nyingine, hata 2L za zamani hazifungwi hivi. Na wale wanaofunga kwa "kusikia mkono", nawaheshimu kwa uzoefu wao, ila mkono wa saa 3 asubuhi si mkono wa saa 11 jioni.

Nyuma ya hedi kuna plagi ya mpira yenye umbo la nusu mwezi, chini ya mfuniko wa valvu. Safisha mahali pake na uweke silikoni ya oili kidogo kwenye pembe. Ikisahaulika, oili itatiririka juu ya gia boksi na utalaumiwa kwa sili ya krenki.

Nozo zirudi na washa mpya, vile vipete vya chini yake. Mkanda wa taimingi nunua mpya; wa Toyota hizi ni wa kilomita 100,000, na hakuna busara kurudisha wa zamani baada ya kazi kubwa hivi. Linganisha alama za krenki, kemu na pampu, acha springi ya kikazio ivute yenyewe, kisha zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili na urudi kwenye alama. Ukikutana na ugumu wa ghafla, usiongeze nguvu. Ni valvu na pistoni.

Halafu valvu. Hedi iliyosagwa viti vya valvu mara nyingi inakuja na nafasi ndogo, na valvu isiyofunga kabisa inaungua ndani ya wiki chache. Injini baridi: ya kuingizia hewa milimita 0.20 hadi 0.30, ya eksozi 0.40 hadi 0.50. Zinarekebishwa kwa shimu, vile visahani vya juu ya kikombe cha valvu. Andika vipimo vyote nane kwenye karatasi kabla ya kwenda kutafuta shimu.

Kilichoiua hedi

Hapa ndipo hela za watu zinapotea. Hedi haifi yenyewe. Ukifunga mpya na kuacha sababu pale pale, baada ya miezi mitatu utakuwa unaifungua tena.

Rejeta ipeleke ifunguliwe vichwa na kuchokonolewa mirija, au ubadilishe. Maji ya bomba na ya mtoni miaka kumi yanaacha kutu na magadi ndani. Feni yenye klachi ya mafuta izungushe kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa: ikizunguka huru bila kukaza, imekufa. Rudisha bomba la plastiki linalozunguka feni kama lilitupwa.

Na themostati, nawaomba, irudini. Mazoea ya kuitoa "ili gari lipoe" yameua injini nyingi. Themostati nyingi zina sahani ya pili ambayo, injini ikipata moto, inaziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupoa. Ipime jikoni: itie kwenye sufuria ya maji, pasha, uone ikifunguka karibu na joto lililoandikwa mgongoni mwake, mara nyingi 82 au 88. Mfuniko wa rejeta uwe mpya. Tia kulanti, si maji matupu.

Kama pampu ya dizeli iliwahi "kuongezwa moto" ili gari livute zaidi, irudishwe kwenye kipimo chake. Moshi mweusi mlimani ni dalili ya dizeli ya ziada, na ziada hiyo inaongeza joto ndani ya hedi.

Kuwasha

Kama oili ilichanganyika na maji, weka oili ya bei nafuu na filta mpya, utaimwaga baada ya dakika kumi za sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) na kuweka ya kudumu na filta nyingine. Jaza maji polepole, hita ya ndani ikiwa wazi upande wa moto, ukiminya mipira itoe hewa. Sukuma dizeli kwa kubonyeza kitufe cha juu ya filta mpaka kiwe kigumu. Legeza nati za mabomba kwenye nozo, piga staata mpaka dizeli itoke bila povu, kaza.

Likiwaka, acha mfuniko wazi na usiondoke. Angalia maji, sikiliza, gusa mpira wa juu na wa chini. Mpira wa chini ukipata joto, themostati imefunguka na maji yanapita kwenye rejeta. Funga mfuniko, nenda safari fupi bila mzigo, kisha liache lipoe kabisa na uongeze maji. Bolti zilizofungwa kwa digrii hazirudiwi kukazwa.

Siku ya pili lipandishe mlima likiwa na mzigo wa nusu, jicho kwenye geji. Asubuhi ya tatu, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko uangalie maji, ufunge, uwashe, na ndani ya dakika ile ya kwanza minya tena mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa laini, na maji yako pale pale ulipoyaacha, mpigie mwenye gari aje achukue ufunguo.